Sakoshi Yako Haitatoka mu Hii Nyumba

Baba Kapinga,

Mi bibi yako niko naandika na hasira, unisamehe. Ulikuwa unapenda kuniambia, "Mama Kapinga, kunywa mayi kwanza, kisha sema." Nimekwisha kunywa. Hasira iko pale pale.

Tangu tulikuzika, mutoto wako Kapinga alimaliza masomo, akapata diplome ya kine, kazi yako ya kuchua na kunyoosha viungo, na njo yee alikaa pa kiti yako kando ya kiwanja, kutunza ekipe ya babinti vile wewe ulitunza bakaka yabo. Kolwezi muzima hakuna mukono kama ule. Nasema muzima! Pa soko, mutu anakuya kununua samaki ya ziwa Nzilo, anarudia na samaki na habari ya Kapinga. Bengine bananiita Mama Diplome. Bacheke.

Na ile sakoshi, mufuko ya dawa ulishona na bashi, turubai ya lori, njo anabebaka. Aliiosha, lakini harufu ya mafuta yako ya kuchua haijatoka. Siku zingine naifungua, nanusa, nafunga. Basi.

Sikiliza sasa kenye kilipita. Unamujua Zaituna, binti ya Baba Musa mwenye malori, ule anachezaka na kitambaa pa kichwa. Tulikuwa na mechi na bale ba Fungurume, bao moja kwa moja. Zaituna akarukia mupira, kichwa yake ikagongana na kichwa ya mwenzake. Akaanguka, akalala pale kama kitenge imetoka pa kamba.

Kapinga akakimbia, akapiga magoti, akamushika shingo isitingishike. Prezida wa ekipe akapiga kelele: "Toa ile kitambaa, mumwangie mayi pa uso, arudie!" Mbele ya bantu bote! Mutoto wetu akakatala. Akatuita bamama. Tukashuka, tukafungua bitenge, tukasimama muzunguko, vile tunafanyaka kama uchungu ya kuzaa inakamata mwanamuke mu njia. Mule ndani Zaituna akafungua macho, njo akamuuliza kama anakubali afungue kitambaa. Akamuuliza kwanza! Nikakusikia wewe: "Mukono ya kine inapiga hodi mbele ya kuingia."

Zaituna aliuliza mara tatu kama mechi imekwisha kuanza. Kapinga akasimama, akasema: leo hatarudia, na siku zingine pia hatarudia, mpaka munganga amuone.

Sasa niungame. Mi pia, na kitenge mu mukono, nilisema: "Kapinga, inabakia dakika kumi tu, wacha amalizie!" Mi, bibi ya kine, mama ya kine! Sababu pa soko nilikuwa nimekwisha kujisifu kama tutabapiga bale ba Fungurume bibaya. Kapinga aliniangalia tu. Ilikuwa macho yako.

Balitupiga. Zaituna alitapika njia yote mpaka ku hopitali, na munganga akasema vile vile Kapinga alisema. Unafikiri Prezida aliomba pole? Alisema kine ni mutu wa kumwanga mayi, haiko munganga. Akamutosha pa kiti, kisha akaleta karatasi. Hakumuletea Kapinga, aliniletea mi, juu anajua mi napenda sifa. Karatasi inasema Zaituna ni muzima, anaweza kucheza jumapili, siku ya Mungu. Kapinga atie sinyature, jina yake chini, arudie pa kiti yake. Akikatala, atoe sakoshi.

Nilimupelekea, Baba Kapinga. Nilimupelekea na biki ya kuandika juu yake. Akasoma, akanirudishia: "Mama, kama ni mi nilianguka, ungetaka nani atie sinyature?" Akaenda kuosha bilato yake, viatu ya kiwanja.

Nilimukasirikia siku mbili. Diplome yote ile, kisha kukaa nyumba! Siku ya tatu Mama Zaituna akapita pa soko. Hakununua kitu. Alisema mwangaza ingali inaumiza binti macho, analala na pazia imefungwa, lakini kila siku anauliza: "Siku nitarudia, Kapinga atakuwako?" Juu njo yee anamutunza bila kumupatisha haya. Nikafunika samaki, nikarudia nyumba mbele ya jua kuzama. Mi! Kuacha soko!

Nikakumbuka ile siku ulikatisha kiwanja kuenda kutunza kipa wa adui, na bantu betu bakakutupia maganda ya ndizi. Nilikuuliza juu ya nini. Ukasema: "Mutu akilala chini, hana maillot, hana rangi ya ekipe." Nilikuona mujinga siku ile. Nilikupikia, lakini nilikuona mujinga.

Jana Prezida akatuma mutu kununua samaki kwangu. Nikachagua ile kubwa kabisa, nikamufungia mu karatasi yake mwenyewe, fasi ya sinyature juu, nyeupe, bila hata alama moja ya biki. Leo asubui akatuma mwengine kukamata sakoshi. Nikamuambia hii bashi bwana yangu aliishona pa kiti hii hapa, na sindano ya magunia, bidole binatoka damu. Haiko ya ekipe. Akaangalia kisu yangu ya samaki, akaenda.

Lakini hasira haijaisha. Mutoto hana kazi, na ule mwenye kosa angali anakaa mu kivuli na kofia yake. Hiyo inaniuma, sitakudanganya.

Siku ya Mungu tutaenda ku kiwanja, mi na yee, tutakaa katikati ya bantu bote. Yee atabeba sakoshi pa magoti. Mutu akianguka, atashuka, bapende ao bakatale. Mi nitabeba bitenge mbili: moja ya kuvaa, moja ya kusimamisha muzunguko, hata kama ni wa Fungurume alianguka. Na nikisikia mulomo yangu inataka kupiga kelele ya ujinga, nitauma ile kitenge. Nakuahidi.

Lala muzuri, bwana yangu. Mutoto, tulizaa. Usiambie bale ba kule kama nimejisifu tena.

Ao, uambie tu.

Mama Kapinga wako