Vibuyu Havina Ngozi

Mama Verediana,

Tangu tukuzike pale kilimani, zahanati imepata mabati mapya, na kazi yako ya kupokea watoto nimepewa mimi. Usicheke huko uliko. Najua uliniita Anastazia Haraka.

Wiki iliyopita alikuja mama kijana kutoka Ngungu, mama mkwe wake akimfuata nyuma kama askari. Binti mdogo wa huyo mama alikuwa anawashwa sehemu za siri, akikojoa analia. Ukoo wa mume ulikuwa umeshaamua kwamba mama ameleta ugonjwa wa aibu nyumbani, arudishwe kwao. Yule mama hakuinua hata macho.

Mkono wangu ulikimbilia sindano ya penisilini. Kisha nikakusikia: "Uliza kwanza, njo utoe dawa." Nikamwacha mtoto kwenye mapaja ya mama yake, nikatazama tu bila kumgusa. Ngozi ya nje ilikuwa nyekundu, lakini hakuna usaha, hakuna damu, hakuna harufu mbaya. Nikauliza nani anamwogesha, na kwa nini.

Mama mkwe, bibi wa mtoto, akajibu kwa fahari: "Ni mimi. Na mukojo ya ng'ombe. Iko inasafisha vibuyu ya maziwa, itashindwa mutoto?"

Kumbe kadiri mtoto alivyowashwa, ndivyo bibi alivyozidi kumsugua! Sikumwaibisha, maana ulinifundisha kwamba bibi akiaibishwa, mtoto harudi. Nikamwambia tu: "Kaka, vibuyu havina ngozi." Ee Mama, ulimi uliteleza, nikamwita bibi kaka kwa woga! Nikawaagiza wamwoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, bila sabuni, bila kusugua. Wampanguse kutoka mbele kwenda nyuma, wamvike nguo pana ya pamba. Wakiona usaha au damu, wakimbie tumpeleke kwa daktari.

Jana walirudi. Mtoto anaruka. Bibi akamshika mkono mke wa mwanawe mbele ya wanawake wote: "Huyu haendi kwabo. Kosa njo yangu."

Nilijivuna. Nilijivunia wewe, Mama.

Basi pumzika. Nakuahidi: nikiwa hai, katika milima hii hakuna mke atakayefungashwa virago kabla mtoto hajaoshwa kwa maji matupu.

Anastazia wako