Yai Lililokataa Kusimama

Nekesa wangu,

Mzee mwenye bahati kuliko wote hapa Mbotela anakusalimu. Tangu uende ng'ambo nyumba imetulia, redio ni yangu peke yangu, nalala fofofo. Nyanya yako ni mzima, anadai picha.

Unauliza mbona mwalimu wa sayansi na kocha wa tenisi wote wanaimba mzunguko, mzunguko. Shule iliniacha njiani, lakini hilo nimeliona. Nikiwa kijana nilichuuza mayai ya kuchemsha kwenye lango la kiwanda, na siku moja nikayachanganya na mabichi. Wafanyakazi wakanizomea: "Wewe, haya tuyale ama tuyaatamie?" Nilijua nikikosea yai moja tu, biashara imekwisha.

Nyanya yako, wakati huo mteja mwenye mdomo mkali, akayazungusha juu ya meza. Lililoiva, alipoligusa, lilisimama kabisa. Lile bichi lilisimama, akainua kidole, likaanza tena lenyewe! Waliokuwa wakinizomea wakainama kulitazama.

"Ndani bado kunazunguka," akasema.

Mjukuu wangu, nimetembea dunia, Kampala nimefika mara mbili, lakini yai lile linanisisimua mpaka leo. Limetulia mbele ya macho yako, na huko ndani habari haijafika.

Na kuhusu kulala fofofo, nilikudanganya. Silali.

Babu yako