Aliyekufa Nafasi ya Nini?

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa moyo wote, maana kuna mtu hapa Masuguru ambaye shikamoo yangu ameikosa tangu arobaini yako, na ataendelea kuikosa mpaka mmoja wetu afukiwe. Ni shemeji yako Hamza, mdogo wake marehemu mumeo, yule uliyekuwa ukimwekea ukoko wa wali kwa sababu anaupenda. Sitakudanganya, naandika nikiwa na hasira. Ulinilea mwenyewe, unajua nikikasirika herufi zangu zinalala.

Mtoto hajambo. Somo wako Zaina sasa anakaa mwenyewe, meno ya chini yametoka, anang'ata kila kitu, hata kipanya cha kompyuta. Akinuna amefanana na wewe, bibi kule Kwamsisi anasema hivyo kila akimwona. Nakumbuka siku ulipompakata mara ya kwanza. Midomo yako ikacheza na sauti haikutoka, kwa sababu ugonjwa wa koo ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Ukanitazama, ukanyoosha kidole upande wa dukani. Nikaelewa kwamba yake ameshawekewa.

Alikuwa amewekewa kweli. Daktari alipokwambia sauti itaondoka, mimi tumbo lilikuwa limenifika kifuani, na wewe hukulia mbele yangu hata mara moja. Ulisubiri ule mchana wa jua kali ambao Korogwe nzima inasinzia na wateja hawaji, ukaegesha mlango wa steshenari, ukavaa vile visikizio vyenye kipaza sauti, ukaanza kumsimulia mtoto aliye tumboni. Hadithi zote za Kwamsisi, ulizosimuliwa na mama yako, nusu Kiswahili nusu Kizigua, na katikati ukikohoa na kusema, "Ngoja ninywe maji, mjukuu, usiende popote." Ukazitia zote kwenye folda uliyoiita ZA MTOTO. Ukaniambia, "Mimi nitakwenda, hizi zitabaki zikimsumbua."

Na mashine yenyewe ilikuwa yako, Shangazi, si ya ukoo wa mumeo. Mwekezaji aliponunua lile shamba la mkonge na nyinyi wapiga taipu wa ofisini mkaambiwa mwende nyumbani, ulishuka Dar ukarudi na kompyuta iliyochakaa huko Ulaya. Ulikuwa ukiwaambia wateja, "Mimi na hii wote tumepunguzwa kazi." Fremu, chumba cha duka, ndiyo ilikuwa ya mumeo. Kwa hiyo tulipokuzika Kwamsisi, na mimi nikabaki kule na mtoto kumsindikiza bibi kwenye matanga, Hamza akarudi Korogwe na funguo za fremu, akafungua duka kana kwamba mashine ilimea humo ndani pamoja na ukuta.

Akaijaza sinema. Sinema za kupigana, nyimbo za kuwawekea watu kwenye simu, vichekesho, kila takataka iliyopita mkononi mwake. Mashine ikaanza kulalamika kila ikiwashwa, kwamba diski imejaa, maboresho ya mfumo hayawezi kuingia mpaka ipatiwe nafasi. Programu yake ya kuweka nyimbo ikagoma, ikataka hayo maboresho kwanza. Basi bwana mkubwa akatafuta kitu kizito cha kutupa. Akakuta ZA MTOTO.

Nilifika siku nne tano kabla ya arobaini, mtoto mgongoni, flashi mkononi, nije nikuchukue. Nikafungua diski, hola. Nikafungua pipa la takataka, nalo limemwagwa. Nikamuuliza. Alikuwa anakula muhogo wa kukaanga, Shangazi, hakuacha hata kutafuna. Akasema, "Ilikuwa inakula nafasi. Na aliyekufa nafasi ya nini?"

Sijawahi kuchukia mtu kabla ya siku ile. Nilidhani nimewahi, kumbe nilikuwa nanuna tu.

Sasa sikiliza kichekesho chenyewe, wewe ndiye utakayekielewa. Ile diski uliigawa vyumba viwili, C na D, na mimi ulinifundisha siku ya kwanza kabisa kwamba mfumo unalala C na vitu vyetu vinalala D, visichanganyike. Maboresho yalikuwa yanataka nafasi C. Sauti yako ilikuwa D. Na sinema zake zote alizirundika pale usoni mwa kompyuta, kwenye kioo ukiwasha tu, na hapo usoni ni C hiyo hiyo. Yaani mgeni amekosa pa kulala chumba cha mbele kwa sababu ya uchafu wa Hamza, na Hamza akaenda chumba cha nyuma akatupa nje vitu vyako. Alipomaliza akabonyeza tena, ikamjibu vile vile kwamba hakuna nafasi. Alikufuta bure. Hata hayo maboresho aliyokufutia hakuyapata.

Nilitaka kumrukia. Kilichonizuia ni maneno yako mwenyewe: "Kilichofutwa bado kipo, kimenyang'anywa jina tu, mpaka mwingine aje akalie kiti chake." Nikajua ulikuwa bado mle ndani huna jina. Na Hamza alikuwa ameshaanza kusema kwamba D imepata uwazi, sinema mpya atazihamishia huko. Kila sinema ambayo angeitia ingekaa juu yako. Nikamwomba anipe mashine siku moja tu, akakataa. Nikamwomba asiandike kitu D, akaniuliza tangu lini mtoto wa kike wa kuja anampangia kazi kwenye fremu ya kaka yake. Nikaenda kwa wazee wa ukoo, wakasema tungoje arobaini ipite. Nikatoka pale nikapanda Kilole kwa Bi Kalunde.

Unamjua mtani wako. Baba yake alikuja kukata mkonge kutoka Unyamwezini akafia hapa, na yeye ametutania sisi Wazigua maisha yake yote. Siku ya kukuzika ndiye aliyeigiza mwendo wako, ule wa kuvuta kandambili, na unavyorudisha chenji ukiwa umekunja uso, watu wakalia huku wanacheka. Nilimweleza kila kitu, naye alikuwa anachambua mchicha. Alichambua mpaka fungu likaisha. Kisha akasema, "Arobaini ni hapo hapo Masuguru? Basi mwache ale muhogo wake."

Siku ya arobaini, dua imekwisha, watu wamekula, wazee wako kwenye mikeka, Bi Kalunde akasimama. Akajifunga kanga kiunoni, akaketi mbele ya mfuniko wa sufuria kana kwamba ni kioo cha kompyuta, akatafuna mdomo mtupu kama Hamza na muhogo wake. Akaanza kubonyeza. "Nafasi hakuna. Nitoe nini? Sinema yangu? Aka. Mke wa kaka yangu ndiye mzito, tupa." Akajigeuza akawaangalia wazee mmoja mmoja. "Na wewe mzee unakula nafasi, tupa." Watu walikuwa wanagaragara kwa kicheko. Hamza alijaribu kucheka nao, uso ukakataa. Kumkasirikia mtani msibani ni aibu kuliko kupigwa, na wazee wote walikuwa wanamtazama waone kama atajitia aibu hiyo au atajizuia. Akajizuia.

Ndipo Bi Kalunde akaingia dukani, akachomoa nyaya, akatoka na ule mtambo kichwani, ameuwekea kata ya kanga. Akasema, "Hii nimeichukua kwa utani wangu. Anayetaka kuikomboa aniletee sauti ya mtani wangu, mimi nitampa sanduku lake." Mzee mkubwa wa ukoo wako akasema, amechukua kihalali, mtani msibani hazuiwi. Hamza alisimama mlangoni mikono imening'inia. Ningeambiwa nichague kati ya kula pilau na kuutazama uso ule, ningelala njaa.

Bi Kalunde alinipa ile mashine, nikaipeleka Handeni mjini, kwa mama mmoja fundi wa kompyuta, nikaishikilia mapajani njia nzima. Alihangaika nayo siku mbili. Hamza alikuwa ameshatia sinema chache D, na zilikuwa zimekukalia. Hadithi nyingi zilirudi mkwaruzo mtupu, kama redio iliyopotea stesheni. Nilizisikiliza zote mpaka mwisho, nikidhani labda katikati utakohoa.

Imerudi moja. Moja, na yenyewe nusu. Ile ya fisi na nyumba ya mbuzi. Mvua inanyesha, mbuzi wamejaa ndani, fisi anakuja kugonga. Unamwigiza kwa ile sauti ya puani: "Nipeni nafasi kidogo tu, hata ya mkia." Kisha unasema, "Ngoja ninywe maji, mjukuu, usiende popote." Nasikia kikombe kinawekwa mezani. Hapo inakatika.

Niliporudi nilisafisha C mimi mwenyewe. Nilifuta sinema za Hamza moja moja, nikisoma jina la kila moja kwa sauti, mtoto yuko mgongoni anacheka. Nikamwaga pipa. Maboresho yakaingia yote, mashine ikajizima, ikajiwasha, kimya, haidai kitu.

Bi Kalunde amekataa kuirudisha, anasema haijakombolewa. Ameniachia mimi. Mama Neema mshona nguo, yule aliye ng'ambo ya barabara mkabala na fremu ya Hamza, amenipa nusu ya baraza yake. Napiga taipu, natoa picha, nanakili vyeti. Wateja wako wote wamevuka barabara. Na kila asubuhi, kabla sijafungua kazi, nakuweka wewe kwenye spika. Spika nimeielekeza kwake. Fisi anagonga, anaomba nafasi kidogo tu, hata ya mkia, na Masuguru nzima inamwitikia. Sasa hata wauza nyanya wanamwita Hamza Hata ya Mkia. Watoto wanapita dukani kwake wanabana pua. Amekonda, Shangazi. Naona na nafurahi.

Wiki iliyopita alivuka barabara na sukari kwenye mfuko. Akasema tusameheane, ni mambo ya kompyuta tu. Mume wangu ananiambia nimwache, shehe ananiambia nimwache, hata bibi amesema inatosha. Labda kwao inatosha. Zaina hatakusikia ukimaliza hata hadithi moja, na mtu aliyefanya hivyo alikuwa anatafuna. Sukari nilimrudishia.

Ile hadithi naijua mwisho wake, uliwahi kunisimulia nikiwa mdogo. Mbuzi wanamwambia fisi, haya, tanguliza mkia. Fisi anautanguliza, wao wanaubana na mlango, wanaushikilia usiku kucha. Nitammalizia Zaina mwenyewe, kwa sauti yangu, pale unapokwenda kunywa maji. Hamza sitammalizia. Yeye atabaki anasikia hodi.

Pumzika, Shangazi. Pale Kwamsisi hakuna atakayekudai nafasi, niliwaambia wachimba kaburi wakupe kubwa. Na usiwe na wasiwasi huku. Mkia uko mlangoni, na mlango nimeushika mimi.

Mwanao,
Mwanaidi