Kipa Wetu Nuhu

Lionja, Nachingwea

Mdogo wangu Safina,

Salamu nyingi. Ufuta umekubali mwaka huu, na mama hajambo.

Timu yetu imechukua kombe. Wachezaji wenye majina walikwenda kuchezea timu za Ruangwa, nami nikaokota walioachwa: beki mfupi, mshambuliaji mzee, na golini Nuhu, mchumba wako.

Fainali hakucheza. Wiki ile tembo waliingia shambani kwao Kilimarondo. Nilimsihi, "Usiende, tunakutegemea." Akanijibu, "Kocha, mahindi yakiisha, mama atakula kombe?"

Tembo walimuua, Safina. Nimeshindwa kukuambia kwa simu.

Tulitaka kujitoa, mama yake akasema, "Chezeni." Tulishinda tukilia. Tulipompelekea kombe hakulitazama. Aliuliza tu, "Mkwe wangu ameshaambiwa?"

Njoo nyumbani.

Kaka yako,
Rashidy