Upande wa Chini wa Maji

Mama,

Shikamoo. Sijui nani ataitikia, lakini nikianza bila salamu utauliza adabu hiyo nimeitoa wapi.

Habari ya kifo chako ilinifikia huku Zambia ukiwa umeshazikwa. Kaka Emanueli alituma simu ya maandishi, na mchungaji akaja kunisomea nikiwa nafua. Nilimaliza kufua, Mama. Nguo zote, hata zisizo zangu. Kisha nikakaa chini nikalia mpaka sauti ikakauka. Kanisa limenituma kuwafariji watu, na mwenyewe sikuwa na neno hata moja.

Jioni ile nikatenga kikombe changu. Huku hawajui metimani. Hawajui kwamba kwetu aliyefiwa hujitenga, hachangii maji wala chombo na jirani hadi muda wake uishe. Wenzangu walidhani nimenuna. Mmisionari mzima, nimevuka mpaka na Biblia mkononi, nikaogopa kuchota kwenye mtungi wa wote. Ungecheka.

Au pengine usingecheka. Maana nilikuwa naikumbuka ile siku ya ubatizo wako kule nyumbani Gitting, mwaka aliofariki Baba. Matrekta ya shamba la ngano alikofanya kazi yalikuwa yanaendelea kulima bila yeye, na sisi tulikuwa metimani, peke yetu. Majirani hawakupita uani, ng'ombe wetu walinyweshwa mbali na wa wengine. Mafundisho ulikuwa umeyamaliza, na mchungaji alisema hakuna kizuizi. Ukakubali kwenda mtoni, ila kwa sharti lako: ubatizwe wa mwisho, tena usimame upande wa chini, ili maji yako yasimguse mtu. Njiani ukaniambia, "Yesu haniogopi. Lakini majirani wana watoto." Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, hakuna neno lililonikaa kama hilo.

Ulipoibuka, umelowa, unatetemeka kwa ule upepo wa mlimani, hakuna aliyekusogelea na khanga kavu. Nyimbo zilikatika. Ndipo Mama Paskalina, jirani yetu, ambaye alikuwa ameshabatizwa na kubadili nguo, akarudi majini na nguo zake kavu. Akasimama chini yako, mkondo unapotoka kwako kwenda kwake. Akachota kwa kiganja, akanywa, kisha akakushika mkono. Wiki ile ile alikuja nyumbani kuomba moto, kama zamani.

Sasa nikuambie ya Jumapili iliyopita. Tulikuwa na ubatizo mtoni. Kazi yangu ni kuwashika mikono akina mama wanapoingia na kutoka, na nilikuwa nimepanga kumwomba mchungaji nibaki ukingoni, kwa kuwa nimefiwa. Miongoni mwa wabatizwa alikuwepo mjane, Mama Mutale, ambaye ndugu wa mumewe hawajamtakasa kwa desturi yao. Kila alipokaribia, wenzake walisogea pembeni. Mama, kumbe na huku ipo, wanaiita kwa jina lao tu. Na yule mjane, bila kuambiwa na mtu, akateremka hadi upande wa chini, akasubiri awe wa mwisho.

Nilikuona wewe pale.

Nikavua viatu. Usidhani nilikuwa jasiri. Nikaingia, nikampita, nikasimama chini yake. Alipozamishwa na kuinuliwa, maji yake yakanipitia kiunoni. Nikachota, nikanywa. Yalikuwa na tope, na hapo ndipo nilipojua Mama Paskalina alikunywa nini siku ile.

Mama Mutale akanitazama kwa hofu, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Nikamwambia kwa Kibemba changu cha kuokoteza kwamba hata mimi nimefiwa, mama yangu amezikwa bila mimi. Akanishika mkono yeye. Mimi ndiye niliyetumwa kumtoa majini, na yeye ndiye aliyenitoa.

Kikombe changu nimekirudisha kwenye vikombe vya wenzangu.

Pumzika, Mama. Nitakapopewa likizo nitakuja kaburini kwako, lakini usinune nikichelewa kidogo. Nitapita kwanza kwa Mama Paskalina, nimwombe maji ya kunywa.

Mwanao,
Rebeka