Jogoo Aliyeomba Kibali

Bredäng, Stockholm
12 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Leokadia,

Hujambo huko Morogoro? Goti linakusumbua bado? Mimi ni mzima, ila jua la hapa linatuaga saa tisa alasiri, nami silizoei.

Nimesoma kurasa alizonitumia mwanao Elijah za kitabu anachokiandaa cha vichekesho vya Baba. Kosa lake ni la wengi: wanadhani kwa kuwa Baba alichekesha watu gazetini na kupiga kodiani harusini, vichekesho vilimtoka tu kama chafya.

Wewe unajua. Zama zile za mkoloni, kila Jumatano alikukalisha juu ya meza akakusomea. Ukisema, “Baba, hiki kimechacha!” alikichana. Ukicheka, alichukua kodiani akakupigia wimbo uliouchagua. Kisha akaniita mimi, maana mwandiko wake haukusomeka: “Ladislaus, nakili vizuri, gazeti linasubiri.” Hata siku moja hakuniuliza kama nimecheka.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wewe sita. Nilikuonea wivu, na bado nakuonea. Elijah amekupa ukurasa mzima: “Mama, mchekaji wa kwanza.” Mimi simo popote.

Sasa nikueleze. Kile kichekesho cha Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliyepiga marufuku majogoo kuwika kabla hajaamka, jogoo wetu akaenda bomani kuomba kibali, si cha Baba. Nilikichomeka mimi wakati wa kunakili. Gazeti lilipofika ulicheka hadi ukamwaga uji. Baba alisoma, akanitazama kwa muda, akachukua kodiani. Akakupigia wewe.

Elijah amekiweka mwanzoni kabisa, kwa jina la Baba. Jana nilimsomea mjukuu wangu Tiana. Alicheka sana, akaniuliza kwa Kiswidi nani alikitunga. Nikamjibu, “Baba yangu.” Miaka sitini na sita nasema hivyo, nimechoka.

Kitabu kinakwenda kwa mchapaji kesho, ndiyo maana Tiana ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu.

Nisalimie shemeji Lameck na binti yenu Stellah. Mungu akutunze, na hilo goti alitazame.

Mpigie Elijah leo, aandike jina langu chini ya jogoo.

Kaka yako akupendaye, pamoja na wivu wangu wote,
Ladislaus