Ludovic Alivyoligeuza Ghala Letu Kuwa la Mtu Baki

Rissne, Sundbyberg,
Stockholm.
17 Novemba 2024.

Mpendwa kaka Optatus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Theresia, na kwamba goti lako limetulia baada ya ile sindano. Sisi huku tuko salama. Baridi imeshaingia, giza linatukuta bado tuko kazini, na watoto wananijibu Kiswidi hata nikiwauliza kama wamekula. Mengine yote namshukuru Mungu.

Umeniandikia kwamba mama yake Ludovic ametangaza kanisani kuwa mwanawe ameiokoa kampuni yetu, na kwamba kamati ya hospitali ya dayosisi inataka kumwita aje awawekee programu ya maagizo na ankara. Kwa kuwa wewe ni mjumbe, ukaniomba maoni. Nilisoma habari hiyo nikacheka peke yangu jikoni, na hakikuwa kicheko kizuri.

Nikueleze kwa mfano wa duka lako la vifaa vya ujenzi. Mteja akitaka mabati na wewe huna, unaweza kumwagizia muuzaji mwingine pale mjini ampelekee mteja moja kwa moja. Yule ni mtu baki. Unamwandikia oda ya ununuzi, yeye anakuletea ankara yake, nawe unampa mteja ankara yako. Mzigo haukugusa ghala lako hata kidogo.

Sasa chukulia mabati yanatoka duka la wifi kule Muleba. Lina leseni yake na hesabu zake, lakini ni la nyumba hiyo hiyo. Hapo hununui kwa mtu baki. Oda ya mteja wako inakwenda moja kwa moja ghalani kwa wifi kama agizo la kutoa mzigo, mzigo unatoka, halafu maduka mawili yanaandikiana ankara ya ndani kwa bei mliyokubaliana. Mteja haioni ankara hiyo wala haimhusu. Kaka, hapo umeshaelewa zaidi ya Ludovic.

Sisi tunauza mashine za oksijeni za nyumbani. Ofisi yetu Stockholm inachukua oda, na ghala lililoko Norrköping ni kampuni nyingine ya kundi letu. Ludovic aliletwa kama mshauri wa kupanga haya kwenye programu mpya. Alikuja na koti la sufu na picha za mishale kwenye skrini, kila sentensi nusu Kiswidi nusu Kiingereza, hata akiongea na mimi niliyekua naye Bukoba. Akaliandikisha ghala letu wenyewe kama muuzaji wa nje. Nilimwambia mapema kwamba amekosea. Akanitazama kama anayemsikiliza mtoto, akasema, "Brigitha, muuzaji ni muuzaji."

Basi kila oda ikageuka kuwa oda ya ununuzi na kutumwa kwenye anwani ya barua pepe ambayo hakuna anayeifungua. Ghalani wanafanya kazi kwa maagizo yanayotokea kwenye skrini yao, na skrini ilikuwa tupu. Mashine zilikaa rafuni huku hospitali zikipiga simu.

Mmoja wa waliokuwa wakisubiri ni mzee Bethuel, Mkenya wa kanisani kwetu anayekaa Hässelby. Mapafu yake yamechoka, na madaktari walikataa kumruhusu kwenda nyumbani bila mashine. Binti yake aliolewa mzee akiwa wodini, akiangalia kwa simu aliyoshikiwa na muuguzi.

Ludovic alipoulizwa, alimtupia lawama Dative, mama wa Kirundi anayesimamia utoaji wa mizigo kule ghalani. Alisema amekalia oda. Uongozi ukamwandalia Dative barua ya onyo atie sahihi. Dative alinipigia simu: "Dada, banasema nimelala na kazi. Mimi sikuona oda hata moja."

Kwenye kikao nilimuuliza Ludovic mbele ya bosi wetu, Gunilla: "Ghala la Norrköping ni la nani?"

"Ni la kundi letu," akasema.

"Sasa kwa nini tunanunua kwake kama kwa mgeni?"

Alianza hotuba ya kubadilika kwa dunia. Gunilla akamkatiza, akaniomba nimwonyeshe. Nilifungua oda ya mashine ya mzee Bethuel, nikamwonyesha pale ilipokwama, kwenye ile barua pepe isiyofunguliwa. Barua ya onyo ilichanwa siku hiyo. Mimi na mwenzangu Malik tulikesha na programu ile hadi ikakaa sawa. Ludovic alikuja kupiga picha nayo, akaandika mtandaoni kwamba "changamoto zimetatuliwa". Hakumwomba Dative radhi. Huo ndio uokozi mliotangaziwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: msimwite. Bohari yenu ya dawa imesajiliwa kivyake lakini ni ya dayosisi hiyo hiyo, naye ataifanya mgeni kama alivyofanya huku, na watakaokosa dawa ni wagonjwa. Malik yuko tayari kuongea na kamati kwa simu. Hana koti zuri.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na Dative Hässelby kumwona mzee Bethuel, maana sasa yuko nyumbani. Binti yake alikuwa amevaa tena gauni lake la harusi. Mzee alimshika mkono, akamtoa jikoni hadi sebuleni alipokuwa mumewe, polepole, mrija wa oksijeni ukiburuzika nyuma yao. Dative alilia waziwazi. Ludovic alikuwa ametuma maua yenye kadi ya jina lake na cheo chake. Binti aliyaacha nje koridoni, karibu na viatu.

Msalimie wifi Theresia, Cyprian na wanawe, na shangazi Flaviana. Mungu awalinde nyote na awape afya tele.

Ni mimi mdogo wako ninayekukumbuka kila siku,

Brigitha